Pakua Mara Moja, Ploti Nzima Isome

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kila serikali ya kaunti kuwasilisha makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo mkazi anapoitwa kutoa maoni kuhusu barabara, zahanati na maji ya wadi yake, na wengi hufika ukumbini kabla ya kuusoma waraka wenyewe. Sababu moja ni bando. Tuseme faili ya makadirio ina megabaiti 15, na katika ploti moja kuna simu saba. Kila simu ikiipakua, megabaiti 105 zimelipiwa kwa ajili ya kitu kimoja.

Somo hili linaonyesha jinsi faili hiyo inavyoweza kupakuliwa mara moja, ikawekwa katika tarakilishi moja, na simu nyingine zote zikaisoma kupitia waifai bila kugusa bando. Tarakilishi inayogawia wengine faili namna hii huitwa seva. Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mtandao ambao kila kituo kilihifadhi nakala yake ya habari, na watu wa kituo hicho wakazisoma hapo hapo. Simu za masafa marefu zilikuwa ghali wakati huo. Leo sisi tunahesabu megabaiti.

Unachohitaji ni ruta yoyote inayofanya kazi, tarakilishi (hata kipakatalishi kikuukuu ambacho betri yake imechoka), na umeme. Ruta haihitaji kuwa na intaneti. Watu wengi hudhani ruta isiyolipiwa ni chuma chakavu, kumbe bado inaweza kuunganisha vifaa vya nyumbani.

Anza na ruta. Unganisha tarakilishi nayo, fungua kivinjari, kisha uandike anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ingia kwa nenosiri lililo hapo, na kabla ya jambo lolote lingine, libadilishe. Nenosiri la kiwandani linajulikana na kila mtu. Kwa waifai yenyewe chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uweke nenosiri tofauti na lile la kuingilia ruta.

Sasa ipe tarakilishi yako anwani isiyobadilika. Anwani zinazoanza na 192.168 ni kama nambari za nyumba ndani ya ploti: nyumba nambari 5 iko katika ploti nyingi, na haileti utata mradi tu ziwe ploti tofauti. Ruta ndiyo hugawa nambari hizo, na inaweza kuipa tarakilishi nambari tofauti kesho, kisha majirani wakabisha mlango usio wako. Katika ukurasa wa ruta tafuta sehemu ya DHCP, chagua tarakilishi yako katika orodha ya vifaa, uitengee anwani moja, kwa mfano 192.168.1.50. Sehemu tatu za mwanzo, zinazotenganishwa na nukta, zifanane na za ruta yako.

Kisha tengeneza folda mpya uiite Habari. Humo weka tu yale ambayo uko tayari kila mtu ayaone: notisi za kaunti, makadirio ya bajeti, matangazo ya kazi, ratiba za mikutano. Usiweke nakala ya kitambulisho chako wala picha za familia, kwa maana kila aliye kwenye waifai ataweza kufungua kila kilichomo. Magazeti ya kulipia pia yaache. Hakimiliki si yako kugawa.

Weka programu ya Python, inayopatikana bila malipo. Katika Windows, fungua folda ya Habari, bofya sehemu ya juu inayoonyesha njia ya folda, andika cmd na ubonyeze Enter. Dirisha jeusi likifunguka, andika:

py -m http.server 8000

Wenye Linux wafungue dirisha la amri ndani ya folda hiyo na waandike python3 badala ya py. Windows ikiuliza kama iruhusu programu hii, ruhusu kwa mtandao wa kibinafsi pekee. Kwenye simu iliyounganishwa na waifai, fungua kivinjari na uandike http://192.168.1.50:8000, pamoja na hiyo http ya mwanzo. Orodha ya faili itatokea.

Isipotokea, usikate tamaa. Mwandishi wa somo hili alipoteza jioni nzima hapa. Kosa la kawaida kabisa liko kwenye simu. Simu ikigundua kwamba waifai haina intaneti, huihama kimyakimya na kurudi kwenye bando, huku wewe ukiilaumu seva. Zima data ya simu, na ukiulizwa kama ubaki kwenye waifai isiyo na intaneti, kubali. Kama bado, ingia kwenye ruta utafute maneno "AP Isolation" na uyazime. Mpangilio huo huzuia vifaa kuonana, na mara nyingi huwa umewashwa kwenye waifai ya wageni. Tatu, angalia kama kipakatalishi kimelala. Katika mipangilio ya umeme, kiambie kisilale kikiwa kwenye chaji.

Jambo moja msilifanye hata mkishawishiwa: msifungue njia ya kutoka nje ya ploti kuingia kwenye seva hii kupitia mipangilio ya ruta. Programu hii ndogo haina nenosiri wala ulinzi wa kukabili intaneti nzima. Ndani ya ploti inatosha.

Chagueni mtu mmoja wa kupakua mambo mapya, labda kila Ijumaa jioni, na mchangiane bando lake. Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi na siku, ili orodha ijipange yenyewe. La karibuni litakaa chini kabisa. Umeme ukikatika, ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, hivyo zinaweza kuendelea kwa betri ndogo ya sola. Soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye adapta yake. Ukitaka kufunga seva, rudi kwenye dirisha jeusi ubonyeze Ctrl na C kwa pamoja.