SOMO LA VIKUNDI: KUZUIA NA KUONDOA "UTANDO WA BUIBUI" KWENYE GARI NYEUSI



Vikundi vingi vya vijana huanza mradi wa kuosha magari kwa sababu mtaji wake si mkubwa: maji, ndoo, sabuni, vitambaa na nguvu za mikono. Ni mradi mzuri. Lakini kuna gari moja inayowasumbua waoshaji, nayo ni ile nyeusi. Inaingia na vumbi, inatoka iking'aa, mwenyewe analipa na kwenda zake. Kesho yake jua likipiga boneti, anaona mikwaruzo midogo midogo imezunguka kama utando wa buibui. Hapo maneno yanaanza: "Mmeniharibia gari!" Mteja wa namna hii harudi, na jirani yake pia hatakuja.

Somo hili lisomwe pamoja katika kikundi, halafu mfanye zoezi lililo mwishoni. Jambo kuu la kushika ni moja: mikwaruzo hii kwa sehemu kubwa huletwa na mkono wa yule anayepangusa gari, na kila mara inapoondolewa, rangi kidogo inaondoka nayo na hairudi. Kwa hiyo kuosha vizuri ndiyo kazi ya kwanza. Kupiga polishi ni kazi ya pili.

1. MIKWARUZO HII NI NINI?

Rangi ya gari si kama rangi ya ukuta. Magari mengi ya siku hizi yamepakwa matabaka. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Ule mng'ao unaouona ni wa klia.

Kwa gari iliyopakwa kiwandani, matabaka yote pamoja mara nyingi yana unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi. Klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Maikroni 1,000 ndizo hufanya milimita moja. Shikeni karatasi ya kawaida ya kuandikia: unene wake ni karibu maikroni 100. Klia basi ni kama nusu ya karatasi hiyo au chini ya hapo. Hiyo ndiyo mali ya mteja mnayoigusa kila mnapoosha.

Kwa nini gari nyeusi ndiyo inayolalamikiwa? Rangi nyeupe hurudisha mwanga kila upande, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unapotea ndani ya weupe. Rangi nyeusi humeza mwanga, na klia iliyo juu yake inakuwa kama kioo. Mkwaruzo ukirudisha mwanga kidogo tu, unaonekana kama uzi mweupe kwenye suti nyeusi. Gari nyeupe iliyooshwa vibaya nayo imekwaruzika vilevile, ila yenyewe inaficha.

Watu wengi husema mikwaruzo hii imezunguka kwa sababu muoshaji alisugua kwa kuzungusha mkono. Hiyo ni nusu ya ukweli tu. Simama juani uangalie mviringo huo kwenye boneti, kisha sogea hatua mbili. Utaona mviringo nao umesogea! Mikwaruzo imejaa kila mahali na kuelekea kila upande, lakini jicho linaona ile tu iliyokaa vizuri kurudisha mwanga, na hiyo hujipanga kuzunguka mahali mwanga unapometa. Ndiyo maana hata anayesugua kwa kunyoosha mkono atakwaruza kama kitambaa chake kina mchanga. Kunyoosha mkono kunasaidia kidogo, kwa sababu mkwaruzo ulionyooka huonekana ukiwa upande fulani tu. Dawa yenyewe ni kuondoa mchanga.

2. INATOKA WAPI?

Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga hukwaruza hata kioo, sembuse klia. Chembe hizo zikibanwa kati ya kitambaa na rangi, kitambaa kinakuwa msasa. Angalieni njia hizi tano ambazo mchanga hupitia:

(a) Kupangusa gari kavu. Yule askari wa lango anayempangusia mwajiri wake gari kila asubuhi kwa kitambaa kikavu au dasta ya manyoya ana nia njema, lakini anasugua vumbi la usiku mzima juu ya rangi.

(b) Ndoo moja. Kitambaa kinatoa mchanga kwenye gari, kinaupeleka kwenye ndoo, kisha kinaurudisha kwenye gari. Ukifika gari ya nne kwa maji yale yale, unaosha kwa tope.

(c) Kitambaa kimoja kwa kazi zote. Kilichosugua rimu na matairi hakifai kugusa boneti tena.

(d) Kitambaa kilichoanguka chini. Wengi wetu hukikung'uta mara mbili na kuendelea. Kukikung'uta hakutoshi.

(e) Sabuni ya unga ya kufulia. Inaondoa nta inayolinda rangi, na chembe zake ambazo hazijayeyuka zinasugua.

3. KUOSHA BILA KUKWARUZA

Vifaa: ndoo mbili za lita 20, ndoo ndogo ya magurudumu, sabuni ya maji ya kuoshea gari, glavu laini ya kuoshea au sponji safi, na vitambaa vya maikrofaiba. Vitambaa vya magurudumu viwe na rangi yake ili visichanganyike na vingine. Kama mnatumia fulana kuukuu za pamba, kateni mishono na vifungo kwanza.

Hatua ya kwanza. Weka gari kivulini na ungoje boneti ipoe. Nyeusi hushika joto upesi, na maji ya sabuni hukaukia juu yake na kuacha madoa. Asubuhi mapema ndiyo saa nzuri.

Hatua ya pili. Osha magurudumu kwanza, kwa ndoo yake na kitambaa chake.

Hatua ya tatu. Mwagia gari yote maji mengi kuanzia juu kabla ya kuigusa. Mwenye mashine ya presha aitumie, asiye nayo atumie mpira wa maji au kopo. Hapa ndipo mchanga mwingi unapoondoka bila kukwaruza. Usiruke hatua hii hata kama mteja ana haraka. Kama maji yenu ni ya mto, yaacheni kwenye pipa usiku kucha mchanga ushuke chini, kisha mteke ya juu.

Hatua ya nne. Ndoo moja ina sabuni, ya pili ina maji matupu. Chovya glavu kwenye sabuni, osha sehemu moja, isuuze kwenye maji matupu na kuikamua, ndipo uirudishe kwenye sabuni. Maji matupu yakichafuka, mwaga, weka mengine. Anza na paa, kisha vioo, boneti, milango sehemu ya juu, na mwisho kule chini ambako tope limeganda. Usikandamize. Uzito wa glavu unatosha.

Hatua ya tano. Suuza, kisha kausha kwa kukilaza kitambaa juu ya rangi na kukivuta taratibu, bila kusugua.

Hatua ya sita. Fua vitambaa mbali na nguo nyingine, na vianikwe kwenye kamba, si juu ya ua au majani. Kilichoanguka chini kiende kwenye karai la kufuliwa moja kwa moja.

4. KUONDOA MIKWARUZO ILIYOPO

Hapa tunaingia kwenye kazi ya kulipisha zaidi, na pia kwenye hatari zaidi.

Polishi ya kusaga haizibi mkwaruzo. Inapunguza klia iliyo pembeni mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Ni sawa na seremala anayepiga randa mbao iliyochanika: uso unakuwa laini, lakini mbao imekonda. Klia ina dawa ndani yake ya kuzuia miale ya jua. Ikikonda sana jua linaanza kuila, inapauka na hatimaye inabanduka. Hapo hakuna polishi tena. Ni kupaka rangi upya, na gharama hiyo inaweza kumaliza faida ya kikundi ya miezi.

Kwa hiyo pimeni kwanza, gari ikiwa safi:

- Pitisha ukucha taratibu kukatiza mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeingia ndani sana. Huo mwachie fundi wa rangi.

- Tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe na usugue mahali palipojificha. Kitambaa kikitoka cheusi, gari hiyo haina klia na unasaga rangi yenyewe. Magari ya zamani na baadhi ya yale yaliyopakwa upya huwa hivyo. Kwa gari kama hiyo, muwe waangalifu mara mbili.

- Muulize mwenyewe kama gari imewahi kupakwa upya au kupigwa polishi ya mashine. Klia iliyobaki huenda ni chache.

Kisha fanyeni kazi kwa mkono, mahali padogo. Zungusha tepu ya karatasi kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40. Anza na polishi laini kuliko zote mlizo nazo. Weka matone machache kwenye sponji ya polishi, sugua kwa nguvu ya wastani mpaka itande na kuwa nyembamba, kisha futa kwa maikrofaiba safi. Osha eneo hilo kwa maji ya sabuni na ulikaushe, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kuwadanganya macho. Sasa mulika kwa tochi ya simu au utazame juani. Ikiwa imepungua vya kutosha, endelea na gari yote kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa bado, rudia mara moja, kisha ndipo ufikirie polishi kali kidogo. Msitafute gari isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Acheni klia ibaki.

Maliza kwa nta. Nta haiondoi mikwaruzo, lakini inafanya vumbi lisigande sana, na kuosha kunakuwa rahisi.

5. MAMBO YA KUKATAA

Msitumie grenda kupigia polishi hata mkifunga manyoya ya kondoo mbele yake. Grenda ndogo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi hutumiwa kwa mizunguko kama 1,000 hadi 2,000. Grenda itachoma klia kabla hujageuka, hasa kwenye kona na kingo ambako rangi ni nyembamba. Hata mashine halali ya kuzunguka, ikishikwa na asiyejua, huacha mawimbi yake yanayometa juani. Anayetaka kuitumia ajifunze kwanza kwa fundi, kwenye bati la kutupwa.

Msipanguse gari kwa dizeli au mafuta ya taa. Inang'aa kweli, lakini kwa siku moja. Mafuta yale yanashika vumbi, na vumbi likipanguswa linakwaruza. Dawa ya meno nayo ilitengenezewa meno. Iacheni huko.

6. MWAMBIENI MTEJA UKWELI

Kuna polishi ambazo hujaza mikwaruzo kwa mafuta tu. Gari inatoka kama mpya, lakini baada ya kuoshwa mara chache utando unarudi. Si vibaya kuzitumia kama mteja anataka gari ipendeze kwa harusi ya Jumamosi. Vibaya ni kumlipisha bei ya kuondoa mikwaruzo hali umeificha. Mwambieni wazi: "Hii inaficha, ile inaondoa lakini inakula klia kidogo." Achague mwenyewe.

Tena, kabla ya kumwaga tone la maji, zungukeni gari pamoja na mteja. Andikeni kwenye daftari nambari ya gari, mikwaruzo iliyopo na mahali ilipo, naye aweke sahihi. Hii inawalinda ninyi, na inamwonyesha kwamba mnajua kazi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na sifa njema ya kikundi ni mali.

7. ZOEZI NA MASWALI

Zoezi: Ombeni mlango au boneti nyeusi ya kutupwa kutoka kwa fundi wa jua kali. Ioshe, igawe kwa tepu sehemu nne na inyunyizie vumbi kidogo. Ya kwanza ipanguse kavu. Ya pili ioshe kwa ndoo moja chafu. Ya tatu ioshe kwa hatua sita tulizosoma. Ya nne ipanguse kavu, ioshe, kisha ipige polishi laini kwa mkono. Ipelekeni juani, kila mmoja aangalie na kusema anachoona.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni hatua gani tunayoiruka tukiwa na haraka? Hasara yake humwangukia nani?

2. Maji ya ziada yanatugharimu pesa. Je, tupandishe bei kidogo kwa gari nyeusi, au tuweke bei moja kwa wote? Toeni sababu.

3. Mwenzetu akikwaruza gari, atalipa peke yake au tutalipa kutoka kwenye mfuko wa kikundi? Kubalianeni leo kabla halijatokea, na muandike.

4. Someni Luka 16:10. Mkwaruzo ambao mteja hajauona bado, je, tumwambie?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.