Usimtafute Mchawi Kwenye Sindano ya Ujana

Maswali na majibu na daktari wa magonjwa ya wanawake

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa wanawake waliodungwa sindano, kuwekwa kijiti au kupewa vidonge vya homoni wakiwa bado mabinti. Leo wameolewa, mimba haijaingia, na kila jirani ana jibu lake. Namna ya kumeza vidonge sitaieleza hapa. Nesi wa kliniki yoyote anaweza. Nimechagua maswali yanayonitia wasiwasi, na machache yanayoniudhi.

Nilianza sindano ya miezi mitatu nikiwa na miaka 17. Nimeacha, nataka mtoto, sipati. Mama mkwe anasema sindano imechoma kizazi. Ni kweli? (Barua za Morogoro, Nakuru na Mwanza zinauliza jambo hilihili, nazijibu pamoja.)

Si kweli. Dawa iliyomo, medroksiprojesteroni, hutoka kidogokidogo pale ilipodungwa na kulizuia yai lisipevuke. Kinga huhesabiwa miezi mitatu, lakini kwa wanawake wengi dawa hukaa zaidi ya hapo. Ndiyo maana anayeacha sindano huchelewa kushika mimba kuliko aliyeacha vidonge: kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Wapo wanaowahi, wapo wanaofika mwaka na nusu. Kuchelewa huko hakumaanishi kwamba kizazi kimeharibika. Kijiti kikitolewa, homoni yake huisha damuni ndani ya siku chache, na vidonge ni hivyohivyo.

Basi fanya hesabu. Sindano ya mwisho ilikuwa lini? Kama ni miezi sita iliyopita, tulia. Kama imepita miaka miwili na mnakutana kila baada ya siku mbili au tatu, sababu iko kwingine na itafutwe. Mimi huanzia kwenye mirija. Klamidia na kisonono huweza kuiziba kimyakimya, bila maumivu wala uchafu. Vivyo hivyo maambukizi baada ya kujifungua, au mimba iliyotolewa kwa siri kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa. Kisha namtazama mume, ambaye huchangia karibu nusu ya visa vyote vya kukosa mtoto. Kwenye barua zenu zote, mume ametajwa kwa jambo moja tu: kukasirika.

Nilipokuwa kwenye sindano sikuona siku zangu mwaka mzima. Damu yote hiyo ilikwenda wapi? Naambiwa imeganda tumboni na imegeuka uvimbe.

Hili nitalijibu kwa urefu, maana limewafukuza wengi kliniki na kuwapeleka kwa waganga.

Watu wengi hudhani damu ya hedhi ni uchafu unaokusanyika mwilini mwezi mzima, usipotoka unabaki. Sivyo. Kila mwezi homoni ya ovari, estrojeni, huunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba ili kumpokea mtoto. Yai likitoka, homoni ya pili, projesteroni, huuweka utando huo tayari. Mimba isipoingia, homoni zote mbili hushuka, utando hubomoka, na mishipa yake midogo hutoa damu. Hedhi ni utando uliobomoka pamoja na damu hiyo.

Sindano hulizuia yai na kuufanya utando uwe mwembamba. Utando usiponenepa hakuna cha kubomoka, na kisipobomoka kitu hakuna damu. Shamba lisilopandwa halina mavuno, kwa hiyo usiulize mavuno yamefichwa wapi. Karibu nusu ya wanaotumia sindano kwa mwaka mmoja hukosa hedhi, na tukiwapima kwa altrasaundi tunaona utando mwembamba, hatuoni damu iliyoganda. Mama anayenyonyesha naye hukaa miezi bila hedhi, na hakuna anayemwambia damu imemgandia.

Na uvimbe? Ule wa faibroidi huota kutoka kwenye msuli wa mji wa mimba. Hautokani na damu iliyoganda, na unawapata wanawake waliodungwa na wasiowahi kuiona sindano.

Ipo hali ambayo damu hurundikana kweli. Binti amefika miaka 14 au 15, matiti yameota, hajawahi kuona hedhi hata mara moja, na kila mwezi tumbo la chini linamkata. Huenda njia ya uke imezibwa na utando aliozaliwa nao, na damu inakosa pa kutokea. Huyo hakudungwa chochote. Anahitaji upasuaji mdogo hospitalini, nao unamaliza tatizo. Mzazi mwenye binti wa namna hiyo asingoje.

Sasa hao wanaojitangaza kwamba wana dawa ya "kusafisha kizazi". Mji wa mimba hujisafisha wenyewe. Mvuke unaunguza, vidonge vya mitishamba vya kuweka ukeni vinachubua, na mchubuko hufungua njia ya maambukizi. Mtu huingia kwa mganga akiwa mzima, anatoka na ugonjwa, kisha lawama inarudi kwenye sindano ya zamani.

Tangawizi na ndimu zinatoa homoni za uzazi wa mpango mwilini?

Hapana. Zinafaa kwenye chai.

Kwa kuwa mayai hayakutoka miaka yote ile, nimeyaweka akiba? Au sindano imeyamaliza?

Hakuna akiba wala hasara. Msichana huzaliwa na mayai milioni moja au mbili, na anapovunja ungo yamebaki laki tatu au nne hivi. Kila mwezi mamia hufa yenyewe, uwe kwenye sindano, uwe na mimba, uwe mtawa. Kinachoyapunguza ni umri, kwa hiyo mwenye miaka 36 asijihesabu ana 30 kwa kuwa alitumia vidonge miaka sita.

Nilipewa vidonge nikiwa na miaka 16 kwa sababu hedhi ilikuwa ikiruka miezi. Nimeviacha na hedhi imepotea tena. Vimeniharibu?

Soma barua yako mwenyewe: hedhi ilikuwa ikiruka kabla ya vidonge. Vilikupa damu ya kila mwezi kwa muda uliovitumia, tatizo la awali likabaki palepale. Kwa wasichana wengi wenye chunusi sugu, ndevu kidogo na hedhi ya kurukaruka, ovari hazipevushi yai kila mwezi. Tatizo hilo lina dawa, na wengi huzaa. Aliyekupa vidonge alipaswa kukueleza hivyo siku ileile, na hapo nakubaliana na hasira yako.

Nasikia sindano inaleta uvimbe wa ubongo, inaozesha mifupa na kuleta UKIMWI. Mbona mnatuficha?

Hakuna kilichofichwa. Mifupa: uzito wake hupungua kidogo ukiwa kwenye sindano, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2004. Ukiacha, kwa wengi hurudi. Binti aliye chini ya miaka 18 anayetaka kinga ya miaka mingi aulizie kijiti. Ubongo: utafiti wa Ufaransa wa 2024 ulionyesha kwamba waliodungwa kwa mwaka mmoja au zaidi walikuwa na hatari karibu mara tano na nusu ya kupata meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo ambao ni nadra na mara nyingi si saratani. Kichwa kikiuma bila kukoma na macho yakififia, nenda hospitali. Virusi: utafiti wa ECHO uliotolewa 2019, wa wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia, haukuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya sindano, kijiti na kitanzi cha shaba. Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokinga UKIMWI. Kondomu inakinga.

Kwa hiyo hakuna homoni ya ujana iliyowahi kumdhuru mtu?

Ipo. Australia, wasichana waliohofiwa kuwa warefu kupita kiasi walipewa estrojeni kwa dozi kubwa mara kadhaa kuliko ya vidonge vya uzazi wa mpango, ili wasirefuke. Utafiti wa mwaka 2004 uliwaona wakiwa watu wazima wakihangaika zaidi kupata mimba kuliko warefu wenzao ambao hawakutibiwa. Binti mwenye afya alipewa dawa kwa sababu watu hawakupenda kimo chake. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: dawa gani, dozi gani, kwa ugonjwa gani?

Nilitumia vidonge vya kuongeza makalio tangu sekondari. Navyo ni homoni?

Mara nyingi ndiyo, na hivi ndivyo vinavyonitisha. Vingi huwa na deksamethasoni, homoni ya steroidi. Uso huvimba, sukari na presha hupanda, na tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yako mwenyewe. Kama umevitumia kwa miezi, usiviache ghafla, unaweza kuzimia na hata kufa. Nenda hospitali na pakiti yake mkononi. Ajabu ni kwamba wanaoiogopa sindano ya kliniki hununua hivi sokoni bila kuuliza lolote.

Mume wangu anajidunga testosteroni ya jimu. Inahusu?

Inahusu sana. Inazima utengenezaji wa mbegu. Aache, apimwe, na asubiri miezi.

Kwenu nyote: mwaka mzima wa kujaribu bila mimba, au miezi sita kama umefika 35, njooni kliniki. Leteni kadi ya uzazi wa mpango yenye tarehe ya sindano ya mwisho. Mume apimwe mbegu kwanza, ni kipimo rahisi na hakiumi. Mke apimwe maambukizi, kisha picha ya mirija. Mke akija peke yake, nitaanza na nusu ya kazi.