Dondoo muhimu: Mwaka wa Kichina kabla ya shahada
Wengi wanaopata ufadhili wa kusoma China huanza na mwaka wa lugha. Darasani kazi ni moto: toni nne, herufi za kuandika mpaka vidole vife ganzi, na mtihani wa Kichina, HSK, unasubiri. Tatizo ni jioni. Mabweni ya wageni mara nyingi hutengwa na ya wenyeji, basi Kiingereza na Kiswahili hutawala korido. Tafuta Mchina anayetaka Kiingereza, mbadilishane. Sokoni uliza bei kwa mdomo, simu ibaki mfukoni. Ukipangiwa Guangzhou, usishtuke wazee wakiongea Kikantoni, hicho hukufundishwa. Kabla hujaondoka nyumbani, uliza idara yako inadai HSK ya kiwango cha ngapi. Cha 4 hutajwa sana, ila mihadhara ya udaktari ni habari nyingine.