Likizo ziwani Kigoma: watoto waoge wapi?

*Mtaalamu, mimi ni mwalimu huku Rungwe Mpya. Likizo hii nataka kuwapeleka wanangu Kigoma wakaone Ziwa Tanganyika. Mama yao anaogopa kichocho. Je, tuoge? Na tukishaoga tutembelee wapi?*
*Mwalimu, Kasulu*

Mwalimu, wapeleke. Hofu ya mama yao ni ya haki, lakini inapungua mkijua mahali pa kuingilia majini. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wanaopenda maji yaliyotulia yenye matete na majani, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Epukeni kingo za namna hiyo na sehemu wanapofulia watu. Ufukwe wa Jakobsen una mchanga na maji maangavu, lakini hata hapo hatari haiishi kabisa, na ziwa lina kina cha kutisha, hivyo mtoto asiachwe peke yake. Kuhusu mamba, waulizeni wavuvi.

Wiki sita hadi nane baadaye, wapimeni choo na mkojo kituo cha afya. Homa, tumbo kuuma au damu chooni? Msingoje. Dawa ipo na inatibu.

Ujiji msiiache: mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone hapo mwaka 1871, na pana makumbusho. Jioni nendeni Kibirizi, mitumbwi ya dagaa inapojiandaa kwa taa zake. Watoto wataipenda kuliko makumbusho. Mkitaka kuona sokwe, Hifadhi ya Gombe hufikiwa kwa boti tu, kwa hiyo ulizeni mapema kiingilio na umri unaoruhusiwa kuwafuata.