Saratani ya Umio na Saratani ya Tumbo: Nani Huugua, na Wapi

Umio ni mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani yake ina aina mbili kuu. Ya kwanza huanzia kwenye utando wa ndani, mara nyingi katikati ya mrija, na ndiyo iliyotawala Afrika Mashariki, katika ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Bomet, magharibi mwa Kenya, hospitali hupokea hata wagonjwa wasiofikisha miaka 30, jambo ambalo kwingineko ni nadra mno. Tumbaku na pombe ndizo hutajwa kwanza, ila wapo wanaougua bila kuzigusa. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Huko Kilimanjaro, watafiti waliopima chai vikombeni waliwakuta watu wakiinywa ikiwa na joto zaidi ya hapo. Tatizo ni joto, si majani ya chai.

Aina ya pili huanzia chini, umio unapokutana na tumbo. Vichocheo vyake ni unene na kiungulia cha miaka mingi. Nchini Marekani aina hii imeongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1970, hasa kwa wanaume weupe. Aina ya kwanza, iliyowaandama zaidi Wamarekani weusi, imepungua sana kadiri sigara zilivyoachwa.

Saratani ya tumbo imepungua karibu kote, tena mahali pengi bila kampeni yoyote. Friji ilichukua nafasi ya chumvi na moshi katika kuhifadhi nyama na samaki, na maambukizi ya bakteria wa Helicobacter pylori, yanayochangia saratani hii, yakashuka. Japani na Korea Kusini bado zina wagonjwa wengi, lakini watoto wa Wajapani waliohamia Marekani waliugua kidogo kuliko wazazi wao. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni maisha. Afrika ina fumbo lake: bakteria hao wameenea, ilhali saratani hii si nyingi kwa kiwango hicho.

Saratani ya umio hujitokeza hatua kwa hatua: kwanza tonge la ugali hukwama hadi lisukumwe na maji, mwishowe hata uji haupiti. Wengi hufika hospitali wakati wa uji, ugonjwa ukiwa umekomaa. Anayekwamwa na ugali aende akapimwe umio kwa kamera mapema.