Wimbo Ni Mali ya Nani? Habari za Hakimiliki na Intaneti

Muhula uliopita Mwalimu wetu wa Uraia alitufundisha namna sheria zinavyotungwa na namna zinavyorekebishwa. Wengi wetu tulisinzia, nami sikukosa katika hesabu hiyo. Lakini likizo ya Desemba ilipofika, lilitokea jambo nyumbani kwetu Tarime likanirudisha kwenye daftari lile, nikalisoma toka mwanzo hata mwisho. Ndiyo sababu naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze niliyojifunza.

Babu yangu mzaa mama ni mpiga litungu. Kwa wenzangu waliotoka mikoa mingine, litungu ni zeze kubwa la Wakurya lenye nyuzi nane, na anayelipiga huimba pia. Siku moja kaka alimrekodi babu kwa simu, ameketi chini ya mwembe, akautia wimbo ule katika mtandao mmoja wa video ili ndugu zetu walio Mwanza na Dar es Salaam wausikie. Kesho yake ikaja taarifa kwa Kiingereza, ya kuwa wimbo ule una mwenyewe, na ya kuwa mwenyewe si sisi. Video ikafungwa.

Tulitafuta hata tukaona asili ya jambo. Miaka mitatu nyuma mtu tusiyemfahamu alimrekodi babu arusini. Akaipeleka sauti ile studio, akaongeza ngoma za kompyuta, akaitoa kwa jina lake mwenyewe. Sasa mashine ya mtandao iliposikia litungu la babu mara ya pili, ikadhani babu ndiye mwizi.

Babu alipoelezwa alicheka sana, halafu akanyamaza. Akaniambia, “Mjukuu wangu, wewe ndiwe unayesoma. Huyo mwenye wimbo wangu anaitwa nani, na aliununua kwa nani?” Nikamjibu, “Babu, nipe nafasi nikaulize.” Haya ndiyo niliyoyapata.

Hakimiliki ni haki ya mtu juu ya kazi ya akili yake: kitabu, shairi, wimbo, picha, mchezo wa kuigiza, hata programu ya kompyuta. Nchi yetu ilikuwa na sheria ya mwaka 1966, na baadaye Bunge likatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo tuliyo nayo, pamoja na marekebisho yake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kazi hulindwa tangu inapotungwa. Kuiandikisha husaidia kuleta ushahidi, lakini si kuandikisha kunakomfanya mtu awe mwenye kazi. Kadhalika hakishiriki ni haki ya yule anayeimba au kupiga chombo, hata kama wimbo hakuutunga yeye. Haifai kumrekodi bila ruhusa yake na kuuza sauti yake. Kumbe babu alikuwa na haki mkononi siku ile ya arusi, naye hakujua.

Tena kuna sehemu nzima ya sheria ile inayohusu sanaa za jadi, yaani nyimbo, ngoma na hadithi tulizorithi kwa wazee na ambazo mtungaji wake hajulikani. Mtu akitaka kuzitumia ili apate faida, nje ya matumizi yake ya desturi, yampasa kuomba ruhusa kwa Baraza la Sanaa la Taifa. Akizichapa au kuzitangaza, yampasa kutaja zimetoka kwa jamii gani au mahali gani. Kuzitumia kwa kufundishia hakukatazwi. Wimbo wa babu una vipande viwili: sauti yake ni ya wazee wa zamani, na maneno mengi ni ya babu mwenyewe. Basi utaona ya kuwa yule bwana wa studio alivuka mipaka kila upande.

Lakini msomaji asifikiri ya kuwa sheria hii ni ukuta usio na mlango. Hakimiliki ina mwisho wake. Kwa sheria ya 1999, hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kisha kazi huwa ya watu wote. Mfano mzuri uko karibu nasi hapa Nyamuswa. Mwalimu Nyerere wa Butiama alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare. Mmoja ulitoka mwaka 1963, nao ndio ambao baadaye uliitwa Juliasi Kaizari. Wa pili, Mabepari wa Venisi, ulitoka mwaka 1969. Je, aliomba ruhusa kwa nani? Hapakuwa na wa kuombwa, maana Shakespeare alikufa mwaka 1616. Kama kazi ya Shakespeare ingalikuwa imefungiwa milele na wajukuu wa wajukuu zake, huenda Kiswahili kingalikosa vitabu vile viwili. Na tafsiri za Mwalimu zenyewe zina hakimiliki yake. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, kwa hiyo kwa hesabu ya miaka 50 zitakuwa za watu wote baada ya mwaka 2049. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na miaka 50 yake ilitimia mwaka 2012. Nimepiga hesabu hizi mara mbili, maana mwalimu wa Hisabati husoma gazeti hili.

Vilevile sheria huruhusu kunukuu maneno machache kwa kutaja mwenyewe, na kutumia kazi za watu kwa kufundishia darasani, kwa kiasi. Bila milango hiyo hata gazeti hili lisingeweza kueleza habari za kitabu cho chote.

Sasa nije kwenye intaneti, maana hapo ndipo penye mgogoro. Zamani aliyetaka kuiba kitabu ilimpasa awe na mtambo wa kuchapa, na mwenye mtambo aliweza kufuatwa. Siku hizi kila mwenye simu ana mtambo mfukoni. Mashauri ya kurekebisha sheria duniani yamezunguka swali moja: mtu akitia kazi isiyo yake katika mtandao, ashitakiwe yeye peke yake, au na mwenye mtandao pia?

Marekani ilitunga sheria mwaka 1998 ikasema: mwenye mtandao hana kosa, mradi akiletewa dai aiondoe kazi ile upesi. Mwaka 2012 walitaka kuikaza zaidi, watu wakapinga. Tarehe 18 Januari mwaka ule kamusi elezo ya Wikipedia ya Kiingereza ilijifunga siku nzima kwa kuipinga, na mswada ukawekwa kando. Umoja wa Ulaya ulishika njia nyingine. Tarehe 26 Machi 2019 wabunge wake 348 walikubali, na 274 walikataa, ya kuwa mitandao mikubwa iwajibike yenyewe kwa kazi zinazotiwa na watu. Siku chache kabla ya kura hiyo maelfu ya watu waliandamana Ujerumani. Walihofu ya kuwa mwenye mtandao, akiogopa kushitakiwa, ataweka mashine ya kuchuja kila kitu, na mashine haijui mzaha, wala nukuu, wala somo. Nchi ya Poland ikaenda mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Ulaya ikasema sheria ibaki, lakini kazi za halali zisizuiwe.

Mashine hizo hufanyaje kazi? Ile ya YouTube ilianza mwaka 2007. Mwenye wimbo huipa nakala, nayo hutengeneza alama ya wimbo ule mfano wa alama ya kidole gumba. Kila video inayoletwa hupimwa na alama zilizomo. Ikifanana, mdai huchagua kuifunga, au kuchukua fedha za matangazo yake, au kuiacha huku akiangalia ni watu wangapi wanaitazama. Ni kazi ya ajabu, wala siidharau. Lakini mashine hujua nani ametangulia kuleta nakala tu. Haijui nani ametangulia kupiga litungu.

Majirani zetu wa Kenya walirekebisha sheria yao mwaka 2019. Mwenye kazi hupeleka dai lenye maelezo, na mtoa huduma za intaneti hupewa saa 48 za kazi kuifunga, isipokuwa mlalamikiwa akileta jibu lake. Na anayeleta dai la uongo kwa makusudi ana kosa la jinai. Mimi nilipolisoma jambo hili la mwisho nilipiga meza. Mwaka 2022 wakaongeza ya kuwa katika fedha za miito ya simu mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52.

Mwenzangu mmoja wa bweni, ambaye ataka kuwa mwanamuziki, alinipinga vikali siku tulipozungumza habari hizi. Alisema, “Wewe walia kwa sababu ya video moja. Wanamuziki wetu wameibiwa miaka nenda miaka rudi, na sheria ikilegezwa watakufa njaa.” Sikuweza kumwambia ya kuwa ni mwongo. Mwaka 2012 wasanii wetu wawili, AY na MwanaFA, waliishitaki kampuni moja ya simu kwa kutumia nyimbo zao Usije Mjini na Dakika Moja kama miito ya simu bila idhini yao. Hukumu ya Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilitoka mwaka 2016, wakapewa zaidi ya shilingi bilioni 2, na kampuni ikakata rufani. Hesabu miaka: minne kabla ya hukumu ya kwanza, nao ni watu mashuhuri wenye mawakili. Mzee wa kijijini angefika wapi? MwanaFA baadaye akawa mbunge wa Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri katika wizara inayosimamia sanaa, basi walau tuna kiongozi aliyeonja kesi hizi kwa ulimi wake.

Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa. COSOTA, kilichokuwa chama cha hakimiliki, kikawa Ofisi ya Hakimiliki, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikafunguliwa kwa vyama vya wenye kazi wenyewe. Baada ya hapo ikawekwa tozo ya asilimia 1.5 juu ya vifaa kadha wa kadha vya kurekodia na kuhifadhia muziki na picha, ili wasanii wapate fungu. Wengine hunung'unika ya kuwa hata anayehifadhi picha za arusi yake mwenyewe hulipa. Mimi naona tozo hiyo ni nafuu kuliko kumfuata kila mwanafunzi aliyenakili wimbo.

Ninaloliogopa ni lingine. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikidai leseni kwa waandishi wa mtandaoni. Ada zote kwa mwanzo zilipita shilingi milioni 2. Kanuni hizo si za hakimiliki, na zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022. Lakini wakati ule baadhi ya waandishi wadogo walifunga kurasa zao kwa kukosa fedha, na si kwa kuwa waliandika mabaya. Sheria ye yote ya intaneti, iwe na nia njema namna gani, humpata kwanza asiye na fedha wala wakili. Basi Bunge likiigusa tena sheria ya hakimiliki, naomba mambo mawili yaangaliwe. Anayedai kazi aonyeshe aliipataje, na akidai uongo aadhibiwe kama mwizi mwingine. Na kabla video ya mtu haijafungwa, aulizwe kwa lugha anayoijua. Ile taarifa yetu ilikuja kwa Kiingereza cha mawakili, na nyumbani kwetu mimi tu ndiye niliyeweza kuisoma, tena kwa kamusi.

Kaka alijaza jibu la kulipinga dai. Mtandao ule humpa mdai siku 30 za kujibu. Siku hizo zilikwisha nami niko shuleni, na kaka akaniandikia barua ya kuwa yule bwana hakujibu neno, na video imefunguliwa. Hata hivyo rekodi yake ya arusini bado iko pale pale kwa jina lake, na watu huisikiliza kuliko ya babu, kwa sababu ya zile ngoma. Mama asema twende kwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Babu asema kwanza tuandike nyimbo zake zote, kila moja na jina la aliyemfundisha, nani alitunga maneno, na alianza kuipiga lini. Tuliketi jioni tatu kabla sijarudi shule, yeye akikumbuka nami nikiandika nyuma ya daftari la Uraia. Tulifika wimbo wa kumi na moja. Asema bado hatujafika nusu.