Mimba Iliyonasa Kwenye Kovu

Mama aliyezaa kwa kupasuliwa hubaki na kovu hata ndani, kwenye mji wa mimba. Mara chache mimba inayofuata hunasa papo hapo kovuni. Huenda akaona damu kidogo au maumivu, au asione lolote. Huonekana kwa picha ya ultrasaundi, wiki ya 6 au 7.

Matibabu yapo. Ikiwa changa, daktari aweza kutumia sindano ya methotreksati, kisha damu hupimwa wiki kwa wiki, na mama hukaa kama miezi 3 bila kushika mimba nyingine. Wengine huvutwa mimba daktari akitazama picha, au hupasuliwa na kovu kushonwa upya. Tunachoogopa sisi ni kusafishwa kwa kubahatisha: kovu ni jembamba, damu yaweza kumwagika isizuilike. Na kungoja je? Mji wa mimba waweza kupasuka, hata ukalazimika kutolewa.

Basi mama, kama ulishapasuliwa na umekosa siku zako, usikae mpaka tumbo lionekane ndipo uende kliniki. Mtajie daktari hilo kovu. Kutoka hapa Waa kuna hospitali ya rufaa Msambweni, na Coast General ng'ambo ya feri. Damu ikianza usiku, msingoje kuche; nendeni na jamaa wawili wa kutoa damu.